Mwalimu Klachi na Gari la Mkandarasi

Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo Mwalimu Klachi hakuwa na mwanafunzi kabla ya saa nane mchana, na alikuwa ameipangia kazi moja tu: kulala. Siku nyingine alishinda kwenye kiti cha abiria cha gari la shule ya udereva, pedali yake mwenyewe ya breki chini ya mguu, akimwambia mtu mzima mwenye shahada mbili, kwa mara ya arobaini, asitazame gia bali atazame barabara. Miaka ishirini na minne sasa. Jina la Klachi alipachikwa na wanafunzi wa mwanzomwanzo, kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia tangu gari linawashwa hadi linazimwa: "Klachi! Klachi, baba! Klachi kwanza!" Hata askari wa barabarani walimwita hivyo, naye aliacha kubisha zamani.

Simu ililia saa moja kasorobo. Alikuwa dada yake mkubwa.

"Umelala?"

"Nilikuwa nimelala."

"Vizuri. Shemeji yako yuko njiani kukuchukua. Lile gari la kichaa analolitaka, mwenye nalo amekubali leo akalijaribu. Nenda naye, mdogo wangu, likague, halafu mwambie ni bovu."

"Na kama si bovu?"

"Wewe ukose kasoro? Wewe unayemfelisha mtu kwa ajili ya kioo cha pembeni?"

Kabla hajajibu, dada alikwishakata simu, na honi ilikuwa inalia getini.

Shemeji huyo alikuwa daktari wa meno, na nyumbani kote aliitwa Daktari, hata na mke wake. Alikuwa na mwaka mmoja tangu astaafu. Kwa miaka thelathini na mitatu aling'oa, akaziba na akasafisha meno ya nusu ya mji, na muda wote huo aliendesha magari ya kujibadilishia gia yenyewe, mapana, ya rangi ya kijivu, yasiyomuuliza dereva swali lolote. Habari za gari la spoti alizipata kazini, miezi yake ya mwisho. Alikuwa na mazoea ya kupiga soga peke yake huku mgonjwa amepanua kinywa na pamba zimejaa mashavuni. Siku moja mgonjwa, mkandarasi wa mapaa, alitema pamba akasema anafikiria kuuza gari lake la viti viwili, injini nyuma, gia za mkono. Siku hiyo Daktari ndiye aliyenyamaza. Tangu hapo hakuwa na mazungumzo mengine.

"Shemeji," alisema Mwalimu Klachi alipokaa na kufunga mkanda, "usingizi wangu utanilipa wewe."

"Nitakulipa kwa kukupeleka mzunguko mmoja. Sasa sikiliza. Dada yako hanisikilizi mimi, wewe anakusikiliza. Ukirudi mwambie neno moja tu: salama."

"Nitasema nitakachokiona."

"Hilohilo. Ona kwamba ni salama."

Akamkata jicho, lakini Daktari alikuwa anatabasamu kama bwana harusi. Asubuhi ilikuwa haijafika hata saa mbili, na tayari watu wawili wazima, wenye akili zao, walikuwa wamemwomba aseme uongo.

Mkandarasi aliishi pembezoni, kwenye nyumba yenye ua mpana uliojaa mabati, ngazi na marundo ya mbao. Gari lilikuwa chini ya banda, limefunikwa shuka. Aliwapokea kwa mikono miwili, yaani alimpokea Daktari kwa mikono miwili. Kwa Mwalimu Klachi, mwanamke aliyeshuka upande wa pili, alisema, "Mama, karibu, kuna kiti pale kivulini," kisha akaendelea na hotuba yake. Akavuta shuka polepole, kutoka pua hadi mkia, kama anayemvua mtoto nguo za sikukuu.

Lilikuwa jekundu lililokolea, fupi, limeinama karibu na ardhi kiasi kwamba paa lake lilimfikia Mwalimu Klachi kifuani. Daktari alitoa sauti ndogo ambayo shemeji yake hakuwahi kuisikia ikitoka kwake.

"Gari hili halina msaada wowote," alisema Mkandarasi kwa majivuno. "Usukani mzito. Breki ukizikanyaga kwa hasira, zinafunga. Mafuta, unakanyaga halafu unangoja, moja, mbili, halafu linakurusha. Na kwenye kona, Daktari, ukishaingia usitoe mguu kwenye mafuta ghafla. Mkia utakupita."

"Najua," alisema Daktari. "Nimesoma."

Mwalimu Klachi hakwenda kivulini. Alizunguka nyuma, akaweka kiganja juu ya mfuniko wa injini, akakiacha hapo.

"Hili gari limewashwa leo."

Mkandarasi akageuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama. "Nililipasha kidogo tu, mama. Lisiwasumbue."

"Mimi nataka linisumbue. Injini ikiwashwa baridi ndipo inaposema inaumwa wapi. Ikishapashwa, kila injini ni nzima. Tutasubiri ipoe."

"Itachukua saa nzima!"

"Saa moja na nusu," alisema, na sasa ndipo alipokwenda kukaa kwenye kile kiti cha kivulini.

Walisubiri. Daktari alizunguka gari mara ishirini, akipangusa vumbi lisilokuwepo. Mkandarasi alileta chai, akasimulia safari tatu alizosafiri nalo, akatia chumvi, akasimulia tena. Mwalimu Klachi aliutumia muda huo kulala chini ya gari juu ya kipande cha boksi, tochi mkononi, akitafuta kutu na mafuta yanayovuja. Hakuona chochote, na hilo nalo lilimuudhi. Akasoma tarehe za matairi: mapya. Simu ikalia mara mbili. Mara ya kwanza dada aliuliza, "Ni bovu?" Mara ya pili aliuliza, "Limeonyesha dalili?" Akamjibu kwamba bado liko baridi, na dada akaona hiyo ndiyo kasoro yenyewe.

"Kwani kwa nini unaliuza?" akamuuliza Mkandarasi, akijipangusa magoti.

"Nafasi, mama. Ua umekuwa mdogo."

Mwalimu Klachi aliutazama ua ule, ambao ungetosha kufundishia wanafunzi sita kwa pamoja kurudi nyuma, akaendelea kujipangusa.

Saa nne kasoro injini ikawa baridi kabisa. Ikawashwa, ikakohoa mara moja, ikashika. Hakuna moshi, hakuna mlio. Alitega sikio kwa dakika tano, na ilimbidi akubali moyoni kwamba ni injini nzima kama siku ilipozaliwa.

Kwa kuwa viti vilikuwa viwili tu, ilikubaliwa kwamba Daktari ataendesha, Mwalimu Klachi atakaa naye, na Mkandarasi atafuata nyuma na pikapu yake ya kazi. Kuingia garini hakukuwa kuingia, kulikuwa kuanguka. Mwalimu Klachi alijishusha, akavuta mguu mmoja, akauvuta wa pili, akajikuta amekaa kwa urefu wa stuli, akitazamana na magurudumu ya toroli.

"Klachi," alisema, hata kabla hajafikiri.

"Najua, shemeji."

Gari likaruka kama chura, likazimika. Likazimika tena. Mara ya tatu lilifika getini ndipo likazimika. Klachi yenyewe ilikuwa nzito, mguu wa Daktari ulitetemeka kuikandamiza, na ilishikia juu kabisa, sentimeta ya mwisho.

"Usiiachie yote. Inyanyue hadi uisikie inashika, halafu ngoja."

"Kwenye kitabu wanasema—"

"Kitabu hakina mguu, shemeji!"

Mara ya sita wakatoka. Barabara ya mtaa ilikuwa na matuta manne. Tuta la kwanza likakwangua tumbo la gari kwa mlio ulioingia kwenye meno, na nyuma yao pikapu ikapiga honi ndefu ya uchungu. Simu ya Daktari ikalia. Alikuwa Mkandarasi: "Kwa ubavu! Matuta tunapanda kwa ubavu!" Tuta la pili walilipanda kwa ubavu, wakaziba njia nzima, mama mmoja mwenye baiskeli akasimama kuwangoja na kuwapa pole. Tuta la tatu gari likazimika juu yake. Muda wote huo mguu wa kulia wa Mwalimu Klachi ulikuwa unakanyaga sakafu tupu, ukitafuta breki ambayo hakuna aliyeifunga pale. Alijikaza asikanyage. Ukakanyaga wenyewe.

Walipofika barabara ya viwandani, pana na tupu siku ya Jumamosi, Daktari alipumua. Akaingiza gia ya pili, akaikosa, akapata ya nne, gari likagumia kama mgonjwa wake. Akapata ya pili. Akakanyaga mafuta.

Hakukutokea kitu. Moja. Mbili. Halafu kiti kikampiga Mwalimu Klachi mgongoni, maghala yakaanza kupita mbio, na mbele yao, mapema kuliko ilivyostahili, ikaja kona ya ghala la saruji.

"Punguza sasa, kabla ya kona. Sasa! Shemeji, ukishaingia usitoe—"

Daktari akaingia, akaona ukuta, akatoa mguu.

Mkia ukawapita. Ulipita kimya, bila haraka, kama mtu anayekupita kwenye foleni, na dunia nzima ikahama kutoka kulia kwenda kushoto: ukuta, mlingoti, mtaro, barabara waliyotoka. Kisha gari likasimama katikati ya njia, limezimika, likitazamana uso kwa uso na pikapu ya Mkandarasi, ambayo nayo ilikuwa imefunga breki mita kumi tu mbele yao. Vumbi la saruji likawashukia taratibu.

Mwalimu Klachi alijipapasa. Mzima. Akamtazama Daktari. Mzima. Hapo ndipo pumzi ilipomrudia, na ikarudi na maneno ambayo kwa miaka ishirini na minne hakuwahi kumwambia mwanafunzi.

"Nimesema nini? Nimesema usitoe mguu! Yule naye kasema usitoe mguu! Kitabu chako nacho, bila shaka, kimesema usitoe mguu! Watu wawili na kitabu, na bado mguu unautoa! Mimi Jumamosi yangu nilikuwa kitandani kwangu, nimejifunika, sina ugomvi na mtu. Unamwacha dada yangu mjane kwa sababu ya gari ambalo hata kushuka kwake ni shughuli? Na mimi ningesema nini msibani? Kwamba lilikuwa zima, nimelikagua mwenyewe?"

Mikono ya Daktari ilikuwa bado imeung'ang'ania usukani, ile mikono ambayo watu walivuka mji kuifuata kwa sababu ya utulivu wake.

"Niliogopa," alisema mwishowe. "Niliuona ukuta nikaogopa. Miaka thelathini na mitatu nawaambia watu wasiogope, shemeji. Kumbe ni neno rahisi hivyo."

Mwalimu Klachi alikuwa bado na hasira nyingi, lakini hakujua tena aimwage wapi.

Mkandarasi alikuwa ameshuka. Hakuja kwao, alichuchumaa kwenye magurudumu, akapapasa moja baada ya jingine. Alipomaliza, hakuinuka. Alishika bawa la gari, pale juu ya gurudumu, akavuta pumzi, akapanda nusu, akatulia hapo amekunja uso, kisha akajivuta tena hadi akasimama wima. Mwalimu Klachi alikuwa anamtazama kupitia dirishani.

"Mgongo?"

Mkandarasi alifikiria kukana, akaona haina maana. "Mgongo, mama. Mwaka wa pili. Kuingia naingia, kutoka mwanangu ananivuta. Daktari wa mifupa ameniambia nichague."

"Na ile nafasi ya ua?"

Akatazama pembeni.

"Hivi leo hakuna mtu mmoja," Mwalimu Klachi aliuliza mji mzima, "mmoja tu, aliyeamka na nia ya kusema kweli?" Akafungua mlango, akajitoa garini kwa mikono na magoti, akazunguka. "Shemeji, hama. Nalirudisha mimi."

Alikaa, akasogeza kiti, akaweka vioo sawa, akakanyaga klachi. Akawasha. Akainyanyua klachi polepole, na gari likazimika.

Daktari aligeuka kutazama ghala la saruji kwa adabu kubwa.

"Hiyo ni ya kwanza," alisema Mwalimu Klachi kwa meno yaliyofungwa. "Nalizoea."

Mara ya pili likatii. Aligeuza, akaingiza ya pili, ya tatu. Lilikuwa gari gumu kweli, halikumwachia nafasi ya kuwaza kitu kingine. Kila shimo lilipanda hadi kwenye viganja vyake. Kila kona lilimuuliza kama ameamua, na akisitasita lilijua. Kwenye kona pana ya nyuma ya kiwanda cha rangi alishika mafuta bila kuyaachia, akaushikilia usukani ulipotaka kukimbia, na gari likakata kona kama mkasi unavyopita kwenye kitambaa. Jasho lilimtoka. Shavu la mguu wa kushoto lilianza kuwaka. Ndipo alipokumbuka kwamba hakumbuki mara ya mwisho alipoendesha gari lolote bila kumfundisha mtu. Maisha yake yalikuwa upande ule mwingine, kwenye kiti alichokaa Daktari sasa, na nyumbani kwake hakuwa hata na gari. Akarudia ile barabara ya viwandani mara mbili zaidi, na Daktari hakuuliza kwa nini. Akajiambia anakagua breki.

Uani, alikabidhi funguo. Mguu wake ulikuwa hausimami sawasawa.

"Gari ni zima," alisema. "Breki, injini, usukani, vyote. Bovu ni dereva."

Mkandarasi akamtazama Daktari. Daktari akatazama viatu vyake, uso umemshuka. "Basi, ndugu yangu. Siliwezi. Nikushukuru tu kwa muda wako."

Mwalimu Klachi akasogea kando kumpigia dada yake, akitegemea angalau kwa huyo atapata ahsante.

"Hachukui," alisema.

"Hachukui kabisa?"

"Kabisa. Amekata tamaa mwenyewe."

"Mdogo wangu, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoniomba!"

"Wewe hukai naye! Mwaka mzima mtu yuko nyumbani. Amepanga upya makabati yangu ya jikoni mara mbili, sijui chumvi iko wapi. Jana amenigongea mlango wa bafu kuniuliza kwa nini nasugua meno kwa haraka. Kitu pekee kinachomkalisha kimya ni picha za hilo gari. Sasa atarudi hapa hana hata hilo?"

"Dada, nusura lituue."

"Si kwa sababu hajui? Mfundishe! Kwani wewe kazi yako nini?"

Alisimama na simu iliyokatwa mkononi, akitazama marundo ya mbao. Kisha akarudi kwa wanaume wale wawili, akasema kwa sauti aliyoitumia siku za mtihani: "Mkandarasi, ungoje miezi miwili. Mgongo wako umengoja miaka miwili. Wewe shemeji, Jumamosi ijayo, saa moja kamili, uje shuleni. Si na gari lako. Kwa miguu."

Alikuja. Akapanda gari la shule lenye vibao vya herufi kubwa mbele na nyuma, mtu wa miaka sitini na moja, na kila mtaa waliopita kulikuwa na mgonjwa wake wa zamani aliyempungia mkono. Hakuwa mwanafunzi mzuri. Alibisha, alieleza, alitaka kujua ndani ya klachi kuna nini badala ya kuikanyaga. Wiki ya tatu waligombana, wakarudi kila mmoja kivyake. Wiki ya tano Mwalimu Klachi alimfunga kitambaa machoni, gari limezimwa, akamwambia abadilishe gia kwa mkono tu mpaka zimwingie, na Daktari alifanya hivyo saa nzima bila neno, na hapo ndipo alipokoma kubisha. Wiki ya tisa walirudi kwa Mkandarasi. Waliwasha injini baridi, wakapanda matuta kwa ubavu, wakapita kona ya ghala la saruji mara tatu. Hakukutokea chochote, na Mwalimu Klachi alishuka bila neno, jambo ambalo kwa wanafunzi wake ni sawa na kupigiwa makofi. Daktari akalinunua siku hiyohiyo. Mkandarasi alisimama getini mpaka mlio ulipopotea, kisha akapanga ngazi pale bandani lilipokuwa.

Mwalimu Klachi alidhani Jumamosi zake zimerudi. Ya kwanza alilala mpaka saa nne. Ya pili alikuwa kwa msusi, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama wima, simu ilipolia.

"Shemeji, limekataa gia ya pili. Halafu ya kwanza. Sasa hivi zote. Limekufa."

"Klachi umekanyaga?"

"Naikanyaga, haiendi mpaka mwisho. Nimeshampigia fundi, anasema huenda sanduku zima la gia litolewe."

Alikwenda hivyohivyo, kitambaa kichwani, msusi akilalamika nyuma yake. Gari lilikuwa limesimama mbele ya nyumba, mlango wazi, Daktari pembeni na kile kitabu. Mwalimu Klachi alipiga magoti, akaingiza mkono chini ya usukani, akavuta. Likatoka zulia dogo jipya, la manyoya, rangi ya maziwa, lililokuwa limejikunja chini ya pedali.

"Hiki nini?"

"Dada yako amenunua," alisema Daktari. "Ili gari lipendeze."

Akalitupa bustanini kwa nguvu zote.

"Jaribu sasa."

Gia ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaingia. Dirisha la jikoni likafunguka, dada akatoa kichwa, akalitazama zulia lake juu ya maua, akamtazama mdogo wake mwenye nywele nusu.

"Limepona?"

"Halikuumwa!" alijibu Mwalimu Klachi, na akaanza kutembea kurudi kwa msusi.